Hesabu ya Hidrojeni Katika Dizeli ya Mafuta Machafu

Oktoba 2022 shehena ya kwanza ya mafuta ya mimea kutoka Kenya ilisafirishwa kwenda Gela, mji wa pwani ya kusini ya kisiwa cha Sicily, ambako kampuni ya Eni ya Italia imekigeuza kiwanda chake cha kusafisha mafuta ghafi kuwa kiwanda cha dizeli jadidifu. Mafuta hayo yalikuwa yamekamuliwa Makueni, katika kituo kilichofunguliwa Julai mwaka huohuo, kutokana na mbegu za mbarika, mukinduri na pamba. Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta ya ndege ambayo Eni iliyatengeneza Italia kutokana na masalia ya mafuta na shahamu.

Kama mbegu ni zetu, na mafuta yaliyochoka katika majiko ya hoteli ni yetu, kwa nini dizeli yenyewe ipikwe Sicily? Jibu linalotoka haraka vinywani mwa watu ni kwamba hatuna teknolojia, na wakisema teknolojia huwa wanamaanisha kichocheo, ile kemikali ya ajabu inayogeuza mafuta ya kupikia kuwa mafuta ya gari. Nimefanya kazi na vichocheo kwa muda wa kutosha kusema kwamba jibu hilo linatupoteza. Vichocheo vya kazi hii vinauzwa sokoni kwa tani, na vimetengenezwa kwa miongo mingi kwa ajili ya kuondoa salfa kwenye mafuta ya kawaida. Kinachotukwamisha ni hidrojeni. Nyuma ya hidrojeni kuna jambo la pili, nalo ni uchafu uliomo ndani ya mafuta yenyewe. Nitaanza na hidrojeni, kwa sababu hesabu yake ni rahisi kuifuata na karibu hakuna anayeifanya hadharani.

Molekuli ya mafuta ya mimea, yawe ya mawese, alizeti au pamba, ina umbo la reki yenye meno matatu. Mgongo wa reki ni gliseroli, yenye kaboni tatu. Kila jino ni mnyororo mrefu wa asidi ya mafuta, mara nyingi wenye kaboni 16 au 18. Dizeli ya kawaida nayo imejaa minyororo ya urefu huohuo. Tofauti kubwa ni oksijeni: pale kila jino linaposhikana na mgongo kuna atomi mbili za oksijeni, yaani atomi sita kwa molekuli nzima. Oksijeni hiyo ndiyo inayofanya mafuta ya mimea yawe mazito, yaharibike yakikaa, na yatoe nishati kidogo kwa kilo. Ukitaka dizeli kutokana na mafuta ya kula, kazi yako yote ni kuing'oa reki meno na kuiondoa oksijeni.

Njia kongwe haiiondoi. Inabadilisha tu mgongo: unaweka methanoli na magadi makali, gliseroli inashuka chini, na kila jino linabaki na kipande kidogo cha methanoli mahali pa mgongo. Hiyo ndiyo biodizeli ya kawaida. Historia yake inaanzia katika bara letu kwa namna ambayo haikutunufaisha. Mwaka 1937 George Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya kutengeneza mafuta ya injini kutokana na mawese ya Kongo kwa kutumia ethanoli, na mwaka uliofuata basi la abiria lilitembea kati ya Brussels na Louvain likitumia mafuta hayo. Mawese yalitoka Kongo, abiria walikuwa Wabelgiji.

Biodizeli ina faida moja ambayo siidharau: unaweza kuitengeneza katika pipa, kwa joto la maji ya chai, bila shinikizo. Karakana ndogo inaweza kuimudu. Lakini inashindwa palepale tunapoihitaji zaidi, kwenye mafuta machafu. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yana asidi huru nyingi na maji, na asidi huru zikikutana na magadi zinakuwa sabuni. Badala ya tabaka mbili safi unapata uji. Zaidi ya hapo, oksijeni bado imo ndani: biodizeli ina takriban megajuli 37 kwa kilo, wakati dizeli isiyo na oksijeni inafika 44. Haikai muda mrefu ghalani, na watengenezaji wa injini huweka kikomo cha kiasi unachoruhusiwa kuchanganya.

Dizeli jadidifu inakwenda njia nyingine kabisa. Mafuta yanapashwa joto hadi kati ya nyuzi 300 na 400 za Selsiasi, yanasukumwa pamoja na hidrojeni kwa shinikizo la mara 30 hadi 100 ya hewa ya kawaida, na kupitishwa katika mnara wa chuma uliojazwa punje za kichocheo. Punje hizo ni alumina yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na ndani ya vitundu hivyo kumepakwa nikeli na molibdeni, au kobalti na molibdeni, vikiwa vimeunganishwa na salfa. Kampuni ya Neste ya Finland iliwasha mtambo wa kwanza mkubwa wa aina hii huko Porvoo mwaka 2007, ikafuatisha Singapore 2010 na Rotterdam 2011. Eni ilikigeuza kiwanda chake cha Venice mwaka 2014, kisha Gela mwaka 2019.

Ndani ya mnara mambo hutokea kwa mpangilio. Kwanza hidrojeni inajaza vifungo maradufu vya minyororo. Hatua hii ni ya kale: Paul Sabatier wa Ufaransa, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, ndiye aliyeonyesha kwamba nikeli inaweza kuifanya, na kwa kanuni hiyo viwanda viligandisha mafuta ya maji kuwa mafuta mazito ya kopo ambayo mama zetu waliyachota kwa kijiko. Kisha mgongo wa reki unang'oka na kuondoka kama propani, gesi ya familia ileile ya mitungi ya jikoni. Baada ya hapo kila jino ni asidi iliyosimama peke yake na oksijeni zake mbili, na hapa ndipo njia zinapogawanyika.

Njia ya kwanza, oksijeni inachukuliwa na hidrojeni na kutoka kama maji. Mnyororo wenye kaboni 18 unabaki na kaboni zake zote 18. Njia ya pili, oksijeni inaondoka na kaboni moja ya mnyororo, kama kaboni dioksaidi. Mnyororo wa 18 unakuwa wa 17. Ipo na ya tatu, inayotoa kaboni monoksaidi, lakini kwa hesabu yetu hizi mbili zinatosha.

Chukua kilo 100 za mafuta ambayo meno yake yote matatu ni asidi ya oleiki, asidi ambayo imo kwa wingi katika mafuta mengi tunayokaangia. Kwa njia ya maji utahitaji kilo 3.4 za hidrojeni. Utapata kilo 86 za dizeli, kilo 5 za propani na kilo 12 za maji. Kwa njia ya kaboni dioksaidi utahitaji kilo 1.4 tu za hidrojeni. Utapata dizeli pungufu kidogo, kilo 81, propani ileile kilo 5, na kilo 15 za kaboni dioksaidi. Namba hizi hazitegemei kampuni wala nchi. Ni uzito wa atomi tu, na mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kuzihakiki kwa kalamu.

Kilo 3.4 dhidi ya kilo 1.4. Kwa kiwanda cha Ulaya, kilichosimama karibu na bomba la gesi na mtambo wa hidrojeni uliolipiwa zamani, tofauti hiyo haisumbui sana. Kwa hiyo wengi hupenda njia ya maji, inayowapa dizeli zaidi. Kwetu tofauti hiyo ndiyo kila kitu, kwa sababu ya zile kilo 5 za propani. Propani ikipitishwa pamoja na mvuke wa maji juu ya kichocheo cha nikeli kwa joto kali, inatoa hidrojeni. Kwa hesabu ya karatasi, kilo 5 za propani zinatoa takriban kilo 2.3. Kiwanda halisi hakifikii hapo, maana sehemu ya gesi lazima ichomwe kutoa joto. Tuseme kinapata sehemu saba kati ya kumi, yaani kilo 1.6.

Tazama sasa. Kwa njia ya maji, propani inayozaliwa ndani ya mtambo haiwezi kulipa hata nusu ya hidrojeni inayohitajika. Kwa njia ya kaboni dioksaidi, inailipa yote na kubakiza kidogo. Mtambo unaokwenda njia ya pili unaweza, kwa kanuni, kujilisha hidrojeni kutokana na mafuta yenyewe, bila bomba la gesi, bila meli, bila mtambo wa umeme pembeni. Ndiyo maana nasema mjadala wa Afrika Mashariki hauwezi kunakiliwa kutoka Ulaya. Wao wanakimbiza kilo 5 zaidi za dizeli. Sisi tungefanya vizuri kuziacha kilo hizo tano ili tujikomboe na hidrojeni ya kununua.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu ugumu. Kichocheo chenye salfa, kile cha sokoni, hufanya njia zote kwa pamoja na hakiko tayari kutii matakwa yetu. Kingine kinahitajika. Kundi la Dmitry Murzin katika Chuo Kikuu cha Åbo Akademi, Turku, Finland, lilionyesha katika miaka ya 2000 kwamba paladiamu iliyotandazwa juu ya kaboni hufuata njia ya kaboni dioksaidi kwa usafi wa hali ya juu. Lakini paladiamu ni madini ya thamani, na kuimwaga ndani ya mnara unaolishwa mafuta ya karai ni hasara inayoonekana tangu mbali. Macho yakageukia nikeli, ambayo ni rahisi zaidi. Nikeli tupu ina tabia mbili mbaya. Hukatakata minyororo mirefu kuwa gesi, na huichukua ile kaboni dioksaidi iliyotoka na kuiunganisha na hidrojeni kutengeneza methani. Tabia hii ya pili ndiyo sumu ya hesabu yetu: kila molekuli ya kaboni dioksaidi inayogeuzwa methani inakula molekuli nne za hidrojeni. Ikitokea kwa ukamilifu, kilo 100 zetu za mafuta zitadai zaidi ya kilo 4 za hidrojeni, kuliko hata njia ya maji.

Kwa hiyo kazi ya kweli ya mwanakemia hapa ni kuifundisha nikeli kukoma. Katika Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, kundi la Mark Crocker limefanya kazi ndefu kwa kuchanganya nikeli na shaba, na majaribio yao hayakuishia kwenye mafuta safi ya dukani. Yalifika hadi grisi inayozolewa kwenye mitego ya mifereji ya mikahawa. Shaba hukaa katikati ya atomi za nikeli na kupunguza ukali wake, na masizi yanayoziba kichocheo hupungua na huchomeka kwa urahisi zaidi wakati wa kukisafisha. Shaba ipo Katanga. Nikeli ipo Kabanga, wilayani Ngara, ikisubiri kuchimbwa. Sisemi tuanze kutengeneza vichocheo kesho, nasema tu kwamba hakuna kitu katika orodha hii ambacho ardhi ya ukanda huu haina.

Uchafu sasa. Muulize mkaangaji chipsi yeyote wa Sinza au Tandika, Dar es Salaam, anajuaje mafuta yamechoka. Hatakutajia asidi huru. Atakuambia mafuta yanatoa povu na chipsi haziwi kavu tena. Lile povu ni vipande vya molekuli vilivyovunjika na kushikana na maji ya viazi. Angalia karai lake kwa makini: chini kuna mashapo meusi ya wanga, ukutani kuna utando wa kahawia unaonata kama vanishi, na chumvi. Chumvi ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote. Ndani ya mnara wenye hidrojeni, klorini ya chumvi inakuwa asidi ya haidrokloriki na kula chuma. Protini za samaki na kuku zilizokaangwa humo zina nitrojeni, na nitrojeni inakuwa amonia. Amonia na asidi hiyo zikikutana mahali penye ubaridi kidogo, katika mabomba ya kutokea, zinaganda kuwa chumvi nyingine na kuziba njia. Kiwanda kizima kinaweza kusimama kwa sababu ya chumvi iliyonyunyizwa na mtu aliyekuwa akiwafurahisha wateja wake.

Sodiamu nayo inaingia katika vitundu vya kichocheo na kukaa. Fosforasi, inayotoka kwenye utomvu wa mafuta yasiyosafishwa kama yale ya pamba, inatengeneza tabaka gumu juu ya punje na kuzifunga. Madini haya hayachomeki. Masizi unaweza kuyachoma ukarudisha uhai wa kichocheo. Fosforasi ikishaingia, unatupa punje na kununua mpya. Ndiyo maana Gela, kiwanda chenye uwezo wa takriban tani 750,000 kwa mwaka, kililazimika kujenga kitengo kizima cha kusafisha malighafi, kilichoanza kazi Machi 2021, ndipo kikaweza kulishwa mafuta machafu tupu. Kabla ya hapo kilichanganya na mawese safi.

Habari njema ni kwamba kusafisha huku ndiko kazi tunayoijua. Kuosha kwa maji ya moto na asidi ya limau, kuchuja kwa udongo maalumu, kukausha kwa ombwe: viwanda vya mafuta ya kula vya Dar es Salaam, Mombasa na Jinja vinafanya hayo kila siku. Mafundi wapo, na mashine zipo. Kama kuna kipande cha mnyororo huu ambacho tungepaswa kukishika leo, kabla ya mnara wowote kujengwa, ni hiki. Mafuta yaliyosafishwa hadi fosforasi na klorini zikabaki sehemu chache kwa milioni yana bei nyingine kabisa bandarini kuliko madumu meusi yanayokusanywa kwa bodaboda.

Hatua ya mwisho ya kiwandani nitaipita haraka, ingawa isiposimamiwa vizuri dizeli haitauzika. Minyororo iliyonyooka ya kaboni 18 huganda kwenye nyuzi 28 za Selsiasi. Hiyo ni nta, si dizeli. Asubuhi ya Makete au Limuru ingekuwa kipande kigumu ndani ya tangi. Mnara wa pili, wenye platini juu ya zeolaiti, huikunja minyororo na kuipa matawi ili isipangane, na kiwango cha kuganda kinashuka chini ya sifuri. Mnara wa kwanza wa sokoni unaishi kwa salfa, kiasi kwamba mafuta ya mimea yasiyo na salfa inabidi yaongezwe kemikali yenye salfa ili kichocheo kisife. Mnara wa pili unauawa na salfa hiyohiyo, hivyo lazima ioshwe yote katikati. Vichocheo vya nikeli na shaba havihitaji salfa, na hapo tunaokoa kitengo kizima. Dizeli inayotoka ni safi kuliko ile ya kituoni: namba yake ya setini inazidi 70, wakati kiwango cha chini cha Ulaya kwa dizeli ya kawaida ni 51, na moshi wake una masizi machache. Inaingia katika tangi la gari lolote la dizeli bila kubadilisha chochote.

Watu wa Mombasa watauliza kuhusu kiwanda chao cha kusafisha mafuta ghafi cha Changamwe. Kiwanda kile kilianza mwaka 1963 na kuacha kusafisha mafuta Septemba 2013. Mwaka 2021 serikali ya Kenya na Eni walitia saini makubaliano yaliyotaja kukigeuza kuwa kiwanda cha mafuta ya mimea. Kigamboni, Dar es Salaam, kuna ndugu yake, TIPER, kilichojengwa miaka ya 1960 kwa ubia na Waitaliano haohao, kikaacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990. Vyote viwili leo ni maghala ya mafuta yaliyokwisha kusafishwa kwingine. Matangi, gati, mabomba na njia za reli vina thamani kubwa, na nisingependa vikatwe kuwa chuma chakavu. Lakini Changamwe ilikuwa ikipata hidrojeni yake kutoka kwenye mtambo wa kutengeneza petroli, uliotegemea nafta iliyotoka kwenye mafuta ghafi. Mafuta ghafi yakikoma, nafta inakoma, na hidrojeni inakoma nayo. Anayezungumzia kuifufua Changamwe kwa mafuta ya mbegu bila kutaja hidrojeni itatoka wapi, bado hajaanza kuzungumza.

Inaweza kutoka kwenye umeme. Kilo moja ya hidrojeni inayotolewa kwenye maji inataka takriban yuniti 55 za umeme. Kwa kilo 100 za mafuta, njia ya maji ingekula yuniti karibu 190, njia ya kaboni dioksaidi chini ya 80. Umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria usiku, mahitaji yanapopungua, ungeweza kufanya kazi hiyo, ila Olkaria iko Naivasha na mafuta yako bandarini.

Na mafuta gani? Hapa nina msimamo, na najua baadhi ya wenzangu hawaupendi. Sioni sababu ya kulima mbarika ili kuichoma. Asilimia 85 au zaidi ya mafuta ya mbarika ni asidi yenye oksijeni ya ziada katikati ya mnyororo. Oksijeni hiyo ndiyo inayoyafanya yawe na bei nzuri kwa watengenezaji wa vilainishi, rangi, plastiki na dawa, na ndiyo hiyohiyo inayoongeza ulaji wa hidrojeni ukitaka kuigeuza dizeli. Unalipa hidrojeni ili uharibu kitu kilichokuwa na thamani zaidi kabla hujakigusa. Mkulima wa Makueni angestahili kuuza kwa soko la vilainishi.

Isitoshe, tuna kumbukumbu ya mibono. Kati ya 2005 na 2011 wawekezaji walichukua ardhi kubwa Tanzania kupanda mibono kwa ajili ya mafuta ya injini. Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka vijiji 11, na mwaka 2011 shughuli zikasimama, watu wakabaki bila ajira na bila ardhi. Kilwa, kampuni ya BioShape ya Uholanzi ilianguka hata kabla ya hapo. Mbono uliahidiwa kuota penye ukame na kuzaa. Ukaota, haukuzaa kwa kiasi kilichoahidiwa. Kwa sababu hiyo neno taka katika mjadala huu ni la kulinda kwa nguvu zote. Likilegea tu, shamba la mtu litaingia humo.

Nalo linalegea kwa urahisi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya nishati jadidifu huhesabu mara mbili mafuta yanayotokana na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, ili kuwatia moyo wanunuzi. Matokeo yake ni kwamba mafuta machafu yanaweza kuwa na bei sawa na mapya, au kuyapita. Mahali penye bei ya namna hiyo, mtu atanunua mawese mapya, ayaite machafu, na kuyapakia. Tuhuma za aina hii zimeziandama shehena za kutoka Asia kwa miaka. Afrika Mashariki inaagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka Malaysia na Indonesia. Tukiruhusu mlango huo ufunguke, tutakuwa tunaagiza chakula kwa dola ili tukiuze kama taka. Kwa upande mwingine, madumu meusi yasiponunuliwa hayaendi jalalani. Hushuka ngazi: kutoka hotelini hadi kwa mkaangaji mdogo, kutoka kwake hadi kwa anayekaangia watoto wa shule vitumbua. Kuyanunua na kuyaondoa jikoni ni faida ya afya ambayo haimo katika kitabu chochote cha hesabu za kaboni.

Malighafi ninayoitamani zaidi haikaangiwi na hailiwi. Ganda la korosho lina kimiminika cheusi kinachofikia robo au zaidi ya uzito wake. Wabanguaji wa Mtwara na Lindi wanakijua kwa ngozi zao: kikidondoka mkononi kinababua, na ndiyo maana wanawake hupaka majivu au mafuta viganjani kabla ya kukaa kwenye meza ya kubangulia. Kikemia, sehemu kubwa ya kimiminika hicho hutoa kaboni dioksaidi yake yenyewe kikipashwa joto tu, bila hidrojeni. Kinachobaki ni mnyororo wa kaboni 15 ulioshikana na pete, na oksijeni moja tu ya kuondoa. Nikeli inaweza kuiondoa na kuijaza pete hidrojeni, ikapatikana molekuli ya kaboni 21 inayofaa kuchanganywa na dizeli. Pete inahitaji hidrojeni ya kutosha, hivyo hapa hatutajilisha kwa propani, maana kimiminika hiki hakina mgongo wa gliseroli.

Lakini Mtwara ina gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, nayo husafishwa Madimba, ndani ya mkoa uleule unaobangua korosho, kabla ya kusukumwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Gesi asilia na mvuke ndiyo njia ya bei nafuu zaidi duniani ya kupata hidrojeni. Ndiyo, hidrojeni hiyo ina kaboni ya chini ya ardhi, na dizeli itakayotoka haitakuwa safi kwa ukamilifu. Mnunuzi wa Ulaya ataipunguzia alama. Gari la kubeba korosho kutoka Newala halitaipunguzia. Kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba korosho nyingi za Tanzania huuzwa ghafi kwenda India na Vietnam, na ganda huondoka pamoja na kokwa. Kila tani inayobanguliwa Masasi badala ya Vietnam huacha ganda lake hapa.

Kabla ya kiwanda, hata kidogo, nataka kuona jaribio moja. Bomba la chuma la unene wa kidole, lililojazwa nikeli na shaba, likilishwa mafuta ya karai ya Dar es Salaam yaliyosafishwa katika kiwanda chetu cha mafuta ya kula, saa 1,000 mfululizo bila kuzimwa. Saa 1,000 ni siku 41 na ushei. Majaribio mengi yanayochapishwa huishia saa chache, wakati kichocheo bado ni kipya na kila kitu kinaonekana kizuri. Kila siku ipimwe: hidrojeni iliyoingia, methani iliyotoka, kaboni dioksaidi iliyotoka, klorini iliyopita. Jaribio kama hilo linaweza kufanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Nairobi, kwa gharama ya magari machache ya serikali. Mstari wa methani ukibaki chini hadi siku ya mwisho, ile kilo 1.4 ni ya kweli na tunaweza kuanza kuchora mtambo. Ukipanda siku ya kumi, tutajua kwamba shaba haikutosha, na tutakuwa tumejua kabla hatujachukua shamba la mtu wala kukopa shilingi.